Mdundo wa Mpakani: Ingoma katika Santuri za London

Kila mtoto wa shule nchini Tanzania anajua kwamba neno ngoma lina maana mbili: ni chombo kinachopigwa, tena ni mchezo unaochezwa. Lakini mtu atokaye Biharamulo, akapita Lusahunga na kuingia katika vilima vya Ngara, hukaribia nchi ambayo neno hilo lina maana ya tatu, nayo ni nzito kuliko hizo mbili. Katika Kirundi, lugha ambayo Kihangaza cha Ngara ni ndugu yake wa karibu sana, ingoma ni utawala wenyewe. Mrundi akitaka kueleza kwamba jambo fulani lilitokea zamani za Mwami Mwezi Gisabo, husema lilitokea katika ngoma ya Mwezi.

Mnamo Novemba 1980 vijana watano wa Kiingereza, waliojiita Adam and the Ants, walitoa santuri iliyopewa jina la Kings of the Wild Frontier, yaani Wafalme wa Mpaka wa Porini. Jina hilo lilitokana na masimulizi ya Wamarekani weupe walioingia katika nchi za wenyeji wa asili wa Marekani. Halikuwa na uhusiano wowote na Afrika. Hata hivyo, mdundo ulioipa santuri hiyo nguvu ulitoka kwa wapiga ngoma wa mwami wa Burundi, katika nchi inayopakana na Ngara, ambayo kwa kweli ni nchi ya mpakani iliyopata kuwa na wafalme. Insha hii inakusudia kufuatilia safari ya mdundo huo, na kuuliza ni nini kilichopotea njiani.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Wilaya ya Ngara ni muungano wa nchi mbili za kale, Bugufi na Bushubi. Mto Ruvubu hutoka Burundi, hukata vilima vya Ngara, kisha hujiunga na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Burundi. Bushubi ilikuwa na watawala wake. Upande wa mashariki, katika Biharamulo ya leo, palikuwa na Rusubi, mojawapo ya dola za Buzinza zilizotawaliwa na Wahinda, ukoo uleule uliotawala Karagwe na Ihangiro. Katika nchi hizo zote ngoma haikuwa pambo la mfalme tu, bali ilihesabiwa miongoni mwa alama za ufalme. Mwingereza Speke, alipofika kwa Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo, ambamo ngoma nyingi zilipangwa chini mbele ya mfalme zikapigwa kwa pamoja.

Vita Kuu ya kwanza ndiyo iliyoichana ramani. Majeshi ya Wabelgiji yaliwafukuza Wajerumani mwaka 1916, na mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi kwa mkataba wa Milner na Orts. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Bugufi ikabaki upande wa Waingereza, katika Tanganyika. Gisaka, sehemu ya Rwanda iliyokatwa na mkataba huohuo, ilirudishwa baada ya miaka michache. Bugufi haikurudishwa. Mwami Mwambutsa wa Burundi aliendelea kuidai, na baada ya Vita Kuu ya pili alilifikisha dai lake mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini bila mafanikio. Kwa hiyo watu waliozoea kusikia ngoma moja walijikuta katika makoloni mawili, wakilipa kodi kwa serikali mbili, na watoto wao wakifundishwa lugha mbili za kigeni. Ngoma zenyewe hazikuujua mkataba huo.

Ingoma ya aina hii huchongwa katika gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani mti unaozungumzisha ngoma. Gogo hutobolewa hadi kuwa mzinga mpana, na ngozi ya ng'ombe huwambwa juu yake na kukazwa kwa vigingi vya mti. Ni ngoma nzito. Hata hivyo wapigaji, waitwao abatimbo, huingia uwanjani wakiwa wameibeba kichwani huku wakiipiga. Wakishaituliza chini husimama katika nusu duara. Katikati huwekwa ngoma iongozayo, inkiranya. Nyingine, amashako, hushikilia mdundo mmoja usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Na nyingine tena, ibishikizo, huifuata inkiranya na kuijibu. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akiruka, akijipitisha fimbo shingoni, akitamba na kuwachekesha watazamaji, kisha akipiga kwa nguvu zake zote. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani ni kishindo tu. Akitulia kidogo atagundua kwamba amashako ni kama ardhi, na hao wengine ni watu wanaotembea juu yake.

Huko Burundi kazi hii ilikuwa ya koo maalumu, na si kila mtu aliyeruhusiwa kuigusa ngoma. Ngoma za mwami zilitunzwa katika mahali patakatifu, kama Gishora karibu na Gitega. Iliyokuwa kuu kuliko zote, Karyenda, iliheshimiwa kama mtu mwenye enzi. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya umuganuro, mwami alipobariki mtama wa kupanda, ngoma zilipigwa kutangaza kwamba msimu umefunguliwa. Mtu aliyezipiga alitekeleza wajibu wa serikali, kama vile karani au askari.

Ufalme ulikufa pande zote mbili katika muda mfupi. Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963, naye mwami wa mwisho wa Burundi, Ntare wa Tano, alipinduliwa na Kapteni Micombero mnamo Novemba 28, 1966. Ngoma zilibaki bila mfalme wa kuzipigiwa. Hapo ndipo wageni walipofika na mashine za kunasa sauti. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi nyimbo na vyombo vya Warundi, na mwaka 1968 shirika la Ocora la Ufaransa likatoa santuri iitwayo Musique du Burundi. Ndani yake mlikuwa na wapiga ngoma wapatao 25. Kazi hiyo ilifanywa kwa heshima na kwa ajili ya elimu, wala hatuna sababu ya kumlaumu aliyeifanya. Lakini tujiulize: msikilizaji wa Paris aliyeiweka santuri ile kwenye gramafoni yake alipata nini? Alipata sauti. Hakuuona mruko, wala kumjua aliyeruka. Hakujua kwamba miezi michache tu iliyotangulia sauti ile ilikuwa sauti ya dola.

Hapa niseme jambo pembeni. Miaka hiyohiyo sisi huku Tanzania tulikuwa katika mjadala mkali kuhusu muziki wa kigeni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia wasomi waliojua rumba, twisti na chachacha bila kupata kusikia gombe sugu, mangala wala kiduo. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Tulikuwa tukilinda mlango wa mbele tusiingiliwe na ngoma za watu. Nadhani hatukuutazama vya kutosha mlango wa nyuma, ambako ngoma za Kiafrika zilikuwa zikitolewa.

Mtu wa kwanza kuifanya santuri ya Ocora kuwa bidhaa ya soko alikuwa mwanamuziki Mike Steiphenson. Mwaka 1971 alichukua sauti ileile ya wapiga ngoma, akaongeza juu yake kinanda na gitaa, akaiita Burundi Black. Iliuzwa sana Ulaya, na nchini Uingereza iliingia katika orodha ya nyimbo zilizopendwa. Kisheria uliokuwapo sasa ni wimbo mpya wenye mtunzi, na mtunzi huyo hakuwa Mrundi. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mashuhuri wa Kanada, alifanya jambo la kufanana na hilo katika wimbo wake The Jungle Line: alichukua kipande cha ngoma hizo, akakifanya kijirudie mfululizo, akaimba juu yake. Wimbo wenyewe ni mzuri, na watu wengi humhesabu kuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia njia hiyo ambayo siku hizi imeenea duniani kote. Lakini jina lake, linalotaja msitu, linaonyesha alivyoisikia sauti ile. Burundi ya mwami ni nchi ya vilima vilivyolimwa na malisho ya ng'ombe, si ya msitu.

Sasa twende London. Mwaka 1976 ulizuka huko muziki wa panki: nyimbo fupi, za kasi, za hasira, zilizopigwa na vijana waliojivunia kutojua muziki. Kundi lililovuma kuliko yote lilikuwa Sex Pistols, na meneja wake aliitwa Malcolm McLaren. Kufikia 1979 hasira ile ilikuwa imeanza kurudia maneno yaleyale, na vijana wakatafuta damu mpya. Baadhi waliipata katika ska, muziki wa Jamaika uliozaliwa karibu na mwaka 1960. Mjini Coventry kundi la The Specials, lililochanganya Weusi na Weupe, liliunganisha kasi ya panki na midundo ya ska na vyombo vya kupuliza, na kutoka hapo ukatokea ukoo mzima wa bendi za ska na panki ambao bado una watoto na wajukuu. McLaren alitafuta damu hiyo mahali pengine. Alipoajiriwa na Adam Ant kumshauri, alimpa kanda yenye muziki wa aina mbalimbali, zikiwamo ngoma za Burundi. Kisha, kwa ujanja uliojulikana kwa kila mtu mjini London, aliwashawishi wanamuziki wa Adam wamwache. Akaunda nao kundi jingine, Bow Wow Wow, akalipa mdundo uleule.

Adam alibaki na kanda. Alimtafuta mpiga gitaa Marco Pirroni wakatunga nyimbo mpya. Tena akaweka wapiga ngoma wawili badala ya mmoja: Chris Hughes, aliyejiita Merrick na ambaye pia ndiye aliyesimamia kurekodi, na Terry Lee Miall. Hilo lilikuwa jambo geni kwa bendi ya panki. Mpiga ngoma wa kawaida wa bendi za gitaa hutegemea sana visahani vya shaba na ngoma ndogo yenye mlio mkali. Hawa wawili waliegemea ngoma za matumbo, wakazipiga kwa uzito na kwa kujirudia, mmoja akishika na mwingine akijibu, huku waimbaji wakipiga kelele za vita nyuma yao. Ukisikiliza Dog Eat Dog, wimbo wa kwanza katika santuri hiyo, utatambua kwa mbali amashako na inkiranya. Nasema kwa mbali, kwa sababu wapigaji wawili hawawezi kuwa 25, na kwa sababu vijana wale walikunja mdundo ule ukae ndani ya hesabu ya nne kwa nne waliyoizoea, ambapo ngoma za Warundi huenda kwa mafungu ya tatu yanayovutana na ya mbili. Lakini nguvu ni ileile. Hakuna kipande kilicholala katika santuri ile. Tangu mwanzo hadi mwisho inakwenda kama watu waliobeba kitu kizito kichwani na bado wanakimbia.

Januari 1981 ilishika nafasi ya kwanza katika Uingereza, na mwisho wa mwaka huo ilihesabika kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote nchini humo. Magazeti yakaanza kuzungumzia mdundo wa Burundi kana kwamba ni mtindo wa viatu. Burundi Black nayo ikachakachuliwa upya na kuuzwa tena mwaka huohuo. Mwandishi wa muziki wa gazeti la New York Times, Robert Palmer, alieleza mwaka 1981 kwamba wapiga ngoma waliorekodiwa mwanzoni hawakugawiwa faida hiyo.

Hapa lazima tutenganishe mambo, kwani wanafunzi wetu wakizungumzia jambo hili mara nyingi huliita wizi, wakaishia hapo. Steiphenson alichukua sauti yenyewe ya watu, mikono yao wenyewe, akaifanya kiti chake. Adam na wenzake hawakuchukua sauti ya mtu. Walisikiliza, wakaiga, wakapiga kwa mikono yao. Kuiga ndiko kunakoendesha muziki wote, pamoja na wetu: bendi za dansi za Dar es Salaam na Tabora zilijifunza kwa santuri za Kuba, wala hakuna Mkuba aliyeletewa hesabu. Kwa hiyo simhesabu Adam katika fungu moja na Steiphenson. Lakini hata kwa Adam limebaki jambo moja. Nyimbo zote za santuri ile zimeandikwa kwa majina mawili, Ant na Pirroni. Sheria ya hakimiliki, kama ilivyotungwa Ulaya, huulinda wimbo wenye mtunzi, na huilinda rekodi yenye kampuni. Mdundo usio na jina la mtu haulindwi, hata kama umetunzwa na ukoo mmoja kwa vizazi na kufundishwa kwa kiapo. Katika Burundi ngoma ilikuwa na mwenyewe, tena mwenyewe mkali. Ilipovuka bahari ikaonekana haina mwenyewe, kwa sababu karatasi ya kusema hivyo haikuwapo.

Kinyume chake kilitokea palepale London. Bow Wow Wow walitoa wimbo wao wa kwanza Julai 1980, ukiwasifu vijana wanaonakili muziki wa redio kwenye kanda tupu nyumbani. Makampuni ya santuri yalikuwa yakilia kwamba unakili huo unawaibia riziki. Kwa hiyo wimbo uliobebwa na ngoma ambazo wenyewe hawakulipwa ulikuwa ukizozana na makampuni kuhusu nani alipwe.

Wapiga ngoma wenyewe walifika Uingereza Julai 1982, wakiwa na miili yao na majina yao. Mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, na Ngoma za Burundi zilikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani, pamoja na The Beat, bendi ya ska kutoka Birmingham. Siku moja walipiga pamoja na vijana wa Echo and the Bunnymen, bendi ya gitaa ya Liverpool. Watazamaji waliozoea mdundo ule kwa sauti tu sasa waliuona mruko. Tamasha lenyewe lilipata hasara kubwa ya fedha. Mwaka huohuo UNESCO na shirika la kimataifa la hakimiliki, WIPO, yalitoa vielelezo vya sheria za kulinda sanaa za jadi zisitumiwe kwa biashara bila idhini. Tanzania iliingiza ulinzi wa aina hiyo katika sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo pia ndiyo iliyoanzisha COSOTA.

Huku Ngara ngoma iliendelea kuvuka mpaka kwa miguu. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1993 yaliwaleta maelfu ya wakimbizi katika Ngara na Biharamulo. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na Benaco, iliyokuwa sehemu tulivu kando ya barabara, ikageuka kuwa mji. Mwaka 1995 ilianzishwa mjini Ngara Redio Kwizera, jina lenye maana ya kutumaini, iliyotangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili. Warundi wa kambi ya Lukole, iliyofungwa mwaka 2008, hawakuwa wageni kabisa katika nchi hiyo. Kwa wengi wao lugha ya wenyeji ilikuwa karibu lugha yao, na ngoma ilikuwa ngoma.

Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Mwaka 2017 serikali ya Burundi ikatoa amri inayowataka wanaoipiga hadharani kupata kibali na kulipia, na kuwakataza wanawake kuipiga. Yako mengi ya kujadili katika amri hiyo, hasa hilo la wanawake, ambalo mimi siliungi mkono. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1966 ngoma ilipata tena mwenyewe anayejulikana kisheria. Uandikishaji wa 2014 ulifanywa kwa jina la nchi moja, kama kanuni zinavyoruhusu. Bugufi, iliyokatwa kwa mkataba wa 1919, iko upande huu wa mstari, na mringaringa huota pande zote mbili.